Programu Iliyokataa Kufa

Mwaka 1989 kompyuta ya ofisi moja pale Bukavu ilikuwa nene kuliko friji tatu. Anayebisha awaulize waliobomoa mlango ili iingie. Kalume ndiye aliyeiendesha. Asubuhi hiyo programu moja ilikuwa imelala, ikingoja kanda ya sumaku ijibu.

“Citoyen Kalume, iue hiyo!” chef Abedi, mkuu wake, akafoka; Zaire hiyo kila mtu aliitwa citoyen, raia.

“Nimeiua mara tisa, chef. Kiini cha mashine, ile programu kuu inayoziendesha nyingine, kimeipokea amri, lakini hakiamshi programu inayongoja. Kanda ikijibu, ndipo itakufa.”

“Na ile jibu, itasoma?”

“Hapana. Itaamka na kufa palepale.”

Kalume akaitazama kanda iliyosimama. Miaka miwili naye alikuwa akingoja barua ya mchumba wake Nyota kutoka Kisangani. Jumapili iliyopita, kule Walungu, mama yake alimwambia amsahau, aoe binti wa jirani. Kwa kuchoka tu, akaitika ndiyo.

Saa sita kanda ikaguruma, ikazunguka. Programu ikatoweka bila kusoma hata herufi moja.

Kalume akachukua kofia.

“Unaenda wapi, weye?”

“Walungu, chef. Nimwambie maman ile ndiyo yangu nimeifuta, mbele ya barua kufika, isije ikakosa wa kuisoma kama kanda ile.”