Anwani ya Ndama

Rasharasha ilikuwa inanyesha asubuhi ile Wietske alipofunga kamba ya kuanikia nguo kutoka kwenye nyumba yake ya magurudumu hadi kwenye nguzo ya uzio, akaanza kupachika vibanio vya mbao. Kila kibanio kilikuwa na namba yake kwa wino mweusi. Watu wa kompyuta walikuwa njiani kuja kupiga kambi kwenye malisho ya mfugaji Harm, huko Drenthe, kama kila kiangazi, na kompyuta haiingii kwenye mtandao bila namba yake. Mbili zikishika namba moja hugombana kama wake wenza. Kwa hiyo unachukua kibanio, unakibana kwenye waya wako, unaiambia kompyuta namba uliyoisoma, na siku ya kuondoka unakirudisha kambani. Hata mlevi anaelewa.

"Siku hizi kuna mashine zinagawa namba zenyewe, mama," alisema Tjeerd, fundi wa nyaya, ambaye alisema hivyo kila mwaka.

"Na zikizimika?"

"Basi tena."

"Kamba yangu haizimiki. Hebu shika nyundo."

Jioni ng'ombe wa Harm walipita kando ya uzio. Mmoja wao aliitwa Aaltje wa Sitini na Moja, kwa kuwa katika ukoo ule wa ng'ombe kila binti hupewa jina la mama yake na namba inayofuata. Babu yake Harm, aliyeanzisha desturi hiyo, hakuwa mtu wa kuumiza kichwa. Aaltje alijikuna kwenye kamba, akaondoka na kibanio kimeng'ata nywele za mkia. Kahawa ya Tjeerd haijapoa, namba kumi na saba ikaanza kusema mtandaoni. Haikuwa na waya wowote. Iliwauliza watu wote: *Ndama wangu yuko wapi?*

Tjeerd alizunguka kambi nzima akimtafuta mwenye namba, akamkuta anacheua kando ya mtaro. Akarudi, akafuta matope kwenye mabuti.

"Kumi na saba ni ng'ombe."

"Kibanio kakichukua mwenyewe?" aliuliza Wietske.

"Mwenyewe."

"Basi ni chake. Mwenye kibanio ni mwenzetu."

Sheria hiyo aliitunga yeye, na aliipenda. Akaenda nyuma ya zizi, kwenye vibanda vya plastiki ambako ndama hukaa peke yao tangu siku ya kuzaliwa. Wa Aaltje alikuwa dume, mweusi, ana hereni za njano masikioni kama wenzake wote. Wietske akambana kibanio namba kumi na nane kando ya hereni moja.

*Niko hapa,* ikasema kumi na nane.

Tangu hapo mama na mwana walizungumza, na kwa kuwa hawakujua kunong'ona, kambi nzima ilisoma.

*Umekula?*

*Nimekunywa kwenye ndoo.*

*Ndoo ndiyo nani?*

Watu waliacha kazi zao wakasoma. Jitu moja la miraba minne kutoka Groningen lililia waziwazi huku linakula chipsi. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," lilisema, ingawa halikuwa na mtoto.

Harm naye alisoma. Alikuja na viatu vyake vya mbao miguuni, akasema ng'ombe ana haki ya kuuliza, ila Jumatatu lori la kukusanya ndama dume wa nyama litapita. Kwa hiyo wakapanga viti duara wakafanya mkutano, na kwa watu hawa mkutano hauishi mpaka wote wakubaliane.

"Bwana Harm, mwache tu huyu mmoja," alisema Wietske.

"Mmoja yupi, Wietske? Kila mmoja ni huyu mmoja. Dume halitoi maziwa. Halafu ninyi hiyo kahawa mnaitia nini?"

Vikombe vya kahawa ya maziwa walikuwa navyo mikononi. Wakaongea mpaka biskuti zikaisha. Wakakubaliana kwamba Aaltje ni mwenzao kamili. Wakakubaliana kwamba swali lake ni la haki. Ndama naye ni mwenzao, na mwenzao ana uhuru wa kuondoka. Na anayeondoka hurudisha kibanio, maana namba ni chache. Mikono ikanyooshwa. Wietske alinyoosha wake mwisho, na aliona aibu muda wote ulipokuwa juu.

Jumatatu aliwahi kabla dereva hajashusha ubao wa kupandishia. Ndama alimnyonya vidole. Kule malishoni Aaltje alikuwa ameshauliza, *Umekula?* na kumi na nane ilikuwa imeanza kujibu. Wietske akabana, akakitoa kibanio. Lori likaondoka kwa njia yenye miti ya mibetula kandokando, likiwa na ndama wa mashamba mengine ndani. Alikipachika kibanio kambani, akasimama hapohapo akalia, na upepo ukapita.

Saa hiyohiyo aliingia mchelewaji, Evert, mwalimu wa hesabu kutoka Zwolle, na hema lililolowa mgongoni. Akachukua kibanio kilichokuwa karibu na mkono wake, namba kumi na nane. Wietske alifungua mdomo, akakumbuka sheria ni ya nani, akaufunga.

Evert hajamaliza kupigilia vigingi vya hema, kompyuta yake ikaleta ujumbe.

*Umekula?*

"Samahani kaka, huyu nani?" alimuuliza Tjeerd aliyekuwa anavuta waya hapo jirani.

"Kumi na saba? Ng'ombe huyo. Mjibu tu, usimkalie kimya."

Evert alifikiri. Alikuwa ametoka Zwolle bila kifungua kinywa, na hakuwa mtu wa kusema uongo. Akaandika: *Bado.*

Aaltje aliinua kichwa. Akavuka malisho yote, akiruka nyaya za watu moja baada ya nyingine, akafika mbele ya hema. Akageuza ubavu, kiwele kimejaa mpaka kinadondosha, akangoja. Evert alibaki amekaa na kompyuta mapajani, hajui afanye nini. Baadaye Harm akaja na kamba, akampeleka kukamuliwa.