Sababu ya Taya la Tusajigwe

Tusajigwe aliitwa ofisi ya kijiji mwaka 1976, akaenda kwa shari. Tabibu kijana kutoka Mbeya mjini, Abrahamu, alikuwa akipita vijiji vya milimani akiandika jinsi maumivu ya viungo na meno yanavyowazuia watu kufanya kazi zao za kila siku. Pembeni yake aliketi Jailos, mwenyekiti wa kijiji, amenyoosha miguu kama yuko sebuleni kwake.

“Mama, unaweza kujitwisha ndoo ya maji?”

“Uliza anayenitekea.”

“Ukichuchumaa, unainuka bila kushika kitu?”

“Siwezi.”

“Nyama unatafuna?”

“Nyama ipi? Umeniletea?”

Jailos akacheka. Tusajigwe akamkazia macho mpaka kicheko kikamkauka.

Abrahamu akamwomba afungue mdomo. Akakataa. Akabembelezwa, akakataa tena. Kisha akaufungua ghafla, karibu kabisa na uso wa kijana yule, aone vizuri. Upande wa kushoto hapakuwa na jino hata moja, na taya lilikuwa limeunga vibaya, limekwenda kombo.

“Hii imetokana na nini?”

“Uzee,” Jailos akawahi kujibu. “Andika uzee, daktari.”

Tusajigwe alikuwa na miaka arobaini na miwili. Miaka miwili nyuma, watu walipohamishiwa kwa nguvu vijiji vya ujamaa, Jailos alifika na mgambo kubomoa nyumba yake kule juu. Tusajigwe alipiga kelele kwamba bado yumo ndani, anafunga maharage yake. Wakabomoa. Boriti moja ikampiga usoni, nyingine ikamwangukia nyongani. Aliingia kijiji kipya kwa machela.

Abrahamu akaandika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu. Wala hakujua kwamba mama huyu alikuwa amemaliza mwaka mzima katika darasa la watu wazima.

“Umeandika uzee,” Tusajigwe akasema.

Akamnyang’anya kalamu, akalikata lile neno, akaandika polepole kwa herufi kubwa: JAILOS ALIANGUSHA NYUMBA NIKIWA NDANI.

Jailos akaivuta karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. “Utanitambua, mwanamke wewe.”

“Nimekutambua zamani.”

Abrahamu akainamisha kichwa, akaita jina la anayefuata. Hilo ndilo lililomchoma Tusajigwe. Ukatili wa Jailos aliujua. Lakini huyu aliyaona mabaya yote kwa macho yake, kisha akaita mwingine!

Jumatatu akapanda lori la viazi hadi Mbeya, kila shimo la barabara likimchoma nyongani. Akamkuta Abrahamu zahanati.

“Lete karatasi nyingine.”

“Mama, kijiji chenu tumeshakimaliza.”

“Mimi hamjanimaliza.”

Akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Abrahamu alipotoka kwenda kula alimpita. Aliporudi akamkuta palepale. Wagonjwa wakaisha. Mfagiaji akazungusha ufagio miguuni pake, naye hakuiinua. Alasiri Abrahamu akaitupa fomu mezani kwa hasira, akaanza upya tangu swali la kwanza. Hakuna aliyemchekea mwenzake. Walipofika kwenye sababu, akaandika kama alivyoambiwa, na Tusajigwe akamlazimisha aisome kwa sauti.

“Unaniponza, mama,” Abrahamu akanung’unika.

“Na mimi nani aliniponza?”

Kijijini Jailos akampangia palizi katika shamba la ujamaa la mbali kuliko yote. Hakwenda. Akamtangaza mkutanoni kuwa mvivu, na majirani waliokuwa wakimtekea maji wakaanza kumkwepa. Wiki mbili bintiye Yudith alibeba ndoo zote peke yake, akilia kwa hasira.

Mwezi wa tatu tangu safari ile ikaja barua kutoka Mbeya: Tusajigwe anatakiwa hospitalini, taya na nyonga vikaangaliwe. Ruhusa ya safari ilihitaji muhuri wa mwenyekiti. Jailos akamweka nje juani tangu asubuhi hadi saa nane. Alipoona haondoki, akaugonga muhuri bila kumtazama, na Tusajigwe akaondoka bila kumshukuru.