Tumbo la Jemimah

Jumapili asubuhi Jemimah alikuwa amechutama nyuma ya jiko akinyonyoa jogoo, ngozi ya tumbo lake ilipoanza kupitisha mwanga. Kitu cha kwanza alichokiona ni uji aliokunywa alfajiri. Ulikuwa ukigeuzwageuzwa ndani polepole, kama nguo kwenye karai. Akateremsha blauzi na kuendelea na kazi, kwa sababu maji ya moto yalikuwa yanapoa na jogoo hanyonyoki kwa maji baridi.

Alikuwa mjamzito, mimba ya pili baada ya binti yao Lavender. Kwenye zahanati nesi alimshusha kope la chini, akatazama, akamwambia damu imepungua vibaya. Asipokula nyama, maini na mayai, huenda siku ya kujifungua wakaondoka wote wawili, yeye na mtoto. Jemimah aliyafikisha maneno hayo nyumbani kama alivyoyapokea. Mumewe Makori aliitikia. Mama mkwe wake, Persis, naye aliitikia. Mayai yakaendelea kupelekwa sokoni Kebirigo.

Kuku wa boma lile aligawanywa kwa sheria. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Mapaja ni ya mgeni. Mgongo ni wa Persis. Mke aliyepika hupata shingo, miguu na mchuzi, na wageni wakiwa wengi hupata harufu. Watu wa pale walisahau siku za kliniki, walisahau hata mbolea ya majani chai, lakini sheria hiyo hakuna aliyewahi kuisahau.

Adhuhuri Makori aliliona tumbo.

"Hii tumbo yako imekuwa aje?"

"Inaonekana ndani."

"Inauma?"

"Haiumi."

"Basi leta chakula."

Habari zilimfikia Mwalimu Ogoti, aliyefundisha sayansi kwenye shule ya msingi iliyo juu ya kilima. Mchoro wa shule wa mfumo wa chakula ulikuwa umeliwa na mchwa, kwa hiyo siku iliyofuata alikuja na darasa zima. Kwa heshima ya mwalimu kuku akachinjwa, na Jemimah akampika. Kisha akapewa sahani ya obokima, ugali wa wimbi, na mboga ya chinsaga, akala, akaketi kwenye kigoda uani na kuinua blauzi.

Ogoti alifundisha vizuri, lazima isemwe. Alionyesha kwa kijiti bila kumgusa. Hapa tumbo linasaga. Hapa nyongo ya kijani inaingia. Hapa ni utumbo mwembamba, na hivi vijidole vilivyojaa ndani, kama nyuzi za taulo, ndivyo vinavyofyonza chakula kilichosagika na kukitia kwenye damu. Wanafunzi walisogea. Damu ilionekana ikipita, nyepesi, rangi ya chai iliyochemshwa kwa majani ya jana. Chini yake mtoto alikuwa amekunja magoti, akivuta kwenye kitovu kile kilichokuwapo.

"Mwalimu, protini iko wapi?" msichana mmoja akauliza.

Ogoti aliinama, akatafuta toka mwanzo wa utumbo hadi mwisho. Nyuma yake Makori alikuwa akitafuna firigisi. Paja la mwalimu lilikuwa limefunikwa mezani likimngoja.

"Protini mtaisoma kwa kitabu," akasema.

Wote waliona. Hakuna aliyekuwa kipofu siku ile, na hilo ndilo linalochemsha damu.

"Baba Lavender," Jemimah akasema, "nesi alisema nikule nyama."

"Wageni wakienda tutaangalia."

Wageni walikwenda. Cha kuangalia kilikuwa mifupa.

Siku zile watu waliokwenda sokoni walipita njia ya bomani kwa makusudi, wachungulie tumbo blauzi ilipopanda. Persis hakulala.

"Watu wanaona vile tunakula," akamwambia mwanawe. "Hii ni aibu."

Jemimah alisikia akiwa jikoni, akafurahi. Alidhani aibu italeta hata yai moja. Aliacha kikaango kidogo karibu na moto, tayari.

Makori akaenda Kisii mjini mwenyewe, akarudi na sweta. Sweta nzito ya kahawia yenye vifungo toka shingoni hadi mapajani. Akina mama wa kanisa walimsifu sana, wakasema ni wanaume wachache wanaojali hivyo. Jemimah alichuma majani chai kwenye jua kali akiwa ameivaa, na jasho likamtiririka. Watu wakaacha kupita.

Tumbo halikurudi kuwa kama zamani, wala hakuna aliyeliulizia. Jumapili nyingine kuku mwingine alichemka jikoni. Jemimah, akiwa peke yake, alifungua vifungo vya chini na kutazama. Mtoto alikuwa amegeukia upande wa sufuria. Mdomo wake ulikuwa ukifunguka na kufungika.

"Mama Lavender," Makori akaita toka sebuleni, "firigisi imeiva?"

"Imeiva."

Akafunga vifungo, akampelekea.