Ndiyo za Baba

Kila asubuhi muuguzi wa kutuliza maumivu aliingia wodini na swali lile lile.

"Mzee, leo siku gani?"

"Jumatatu. Ukiniuliza tena kesho nakuuzia kalenda."

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Saratani ilianzia kwenye utumbo, sasa ilikuwa imeingia kwenye ini. Daktari alikuwa ameshatueleza: ama apandishwe juu kwenye chumba cha upasuaji, atiwe mrija wa kupitisha nyongo, kisha ajaribiwe dawa nyingine kali ambayo huenda isimwongezee hata mwezi, ama arudi nyumbani, atulizwe maumivu.

Muuguzi alipotoka, Baba alinivuta shati.

"Geti likiliwa na kutu mpaka ndani, ukilichomelea unalitoboa tu. Kazi ya namna hiyo nilikuwa naikataa. Nipelekeni nyumbani."

Nilimkimbilia muuguzi koridoni, nikamwambia.

"Basi turudi aniambie mwenyewe, tuandike."

"Tumsubiri kaka yangu mkubwa. Anafika Jumatano. Siwezi kuamua nyuma ya mgongo wake."

"Anayeamua ni mzee, si wewe. Umeyaona macho yake yalivyo manjano? Ini likishindwa, akili nayo huondoka. Haiagi."

"Siku mbili tu, dada."

Jumanne alipoulizwa siku, Baba alijibu sawasawa, ila alifikiri kwanza, midomo ikimchezacheza. Muuguzi akamuuliza angependa kukaa wapi. Baba akanitazama mimi.

"Kaka anakuja kesho," nikasema.

"Haya," akasema. "Tumsubiri Mkubwa."

Jumatano alisema ni Jumapili, akauliza nani amezima mashine yake ya kuchomelea. Muuguzi hakucheka. Nikampigia Kaka simu. Alikuwa bado njiani, amechelewa.

Alifika Alhamisi, begi bado begani. Nilimweleza yote. Hakunifokea, afadhali angenifokea.

"Nani mwingine alimsikia?"

Nikamgeukia muuguzi.

"Mdogo wako ndiye aliyeniambia," alisema taratibu. "Mzee mwenyewe hakuniambia."

Kaka akainama kitandani. "Baba, ni mimi. Wakutie mrija, tuendelee na dawa?"

"Ndiyo."

Nilimsukuma Kaka kwa bega. "Baba! Uliniambia nyumbani. Twende nyumbani?"

"Ndiyo."

"Baba, mimi ni nani?"

"Ndiyo," alisema, kwa adabu ile ile aliyowapa wateja.

Muuguzi alisema mgonjwa hawezi tena kujiamulia, na kwamba yeye binafsi angelisikiliza lile neno la Jumatatu. Kaka alilia bila kujificha. Kisha akaomba kalamu, akatia sahihi fomu ya mrija.

"Sitakuwa mimi niliyemkatia tamaa Baba," aliniambia. "Kama alitaka vingine, ungemwacha aseme."

 

Saa sita mchana walileta kiti cha magurudumu. Baba aliinua mikono yote miwili, kama mtoto anayevuliwa shati, ili wamnyanyue. Hakuuliza anapelekwa wapi.