Asali ya Busi kwa Simu

Mwaka wa elfu mbili na mbili, walipotuondoa sisi wachuuzi barabarani pale mtaani Kikuyu, nilikuwa na fedha za kitu kimoja tu: kodi ya fremu ya duka au simu ya mkononi. Vyote viwili, thubutu!

Shangazi Mwamvua, aliyekuwa akiniuzia asali kutoka kijijini kwetu Busi, hakutaka hata kusikia habari ya simu. "Mwanne, una wazimu? Duka ni mlango. Mtu akikutaka atakutafuta wapi, hewani?" Mzee Batholomeo, mwenye fremu, naye alinipa mpaka mwisho wa mwezi niamue, akijua fika sina pa kwenda. Na kusema kweli walikuwa na hoja. Asali mteja huonja kwanza. Unamdondoshea tone nyuma ya kiganja, analamba, anatazama juu, ndipo anauliza bei. Sasa kwenye simu utamdondoshea nani?

Lakini wateja wangu walikuwa watu wa maofisini, na hao mchana hawatoki. Fremu wangeifuata saa ngapi? Nikawaza siku mbili, ya tatu nikachoka, nikanunua simu. Mzee Batholomeo alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, baki na mlango wako." Nilijifanya jasiri tu.

Ernest, karani wa ofisi moja ya serikali na mteja wangu wa siku nyingi, ndiye aliyeniletea oda ya kwanza. Bosi wake wa masijala, mama mmoja aitwaye Dorothea, alitaka chupa ishirini kwa ajili ya wageni wa kikao cha Bunge. Ishirini! Hiyo ndiyo ilikuwa asali yangu yote. Nikaibeba.

Mama Dorothea alilamba tone, akaridhika. Kisha akauliza, "Duka lako liko wapi?"

"Sina duka, mama. Nina simu."

Akairudisha chupa mezani. Kumbe mwezi uliopita mtu mmoja alimwonjesha asali safi, halafu chupa zote alizomwachia zikawa ni maji ya sukari guru. Walipomtafuta, hayupo. "Na wewe nikikukosa, nitakushtaki wapi?"

Jamani, damu ilinichemka. Mimi na sukari guru? Nikazipanga chupa zote mezani kwake. "Msinilipe hata senti. Kuleni kwanza. Ikiwa nzuri, nipigieni nifuate hela yangu. Ikiwa mbaya, nipigieni nije kuichukua. Na mkinipigia nisipopokea, asali ni yenu, bure!" Ofisi nzima ilisikia. Ernest alinikonyeza ninyamaze, wapi!

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu vilevile. Hela ile isiporudi sina cha kununulia mzigo mwingine, na itabidi nirudi Busi kupalilia ulezi wa shangazi, huku nasimangwa habari za mlango kila asubuhi. Siku ya nne nikaenda mwenyewe.

"Umefufuka?" Mama Dorothea aliniuliza. "Tumekupigia siku tatu."

"Mama, haijalia hata mara moja!"

Ernest akaomba simu, akaitazama. "Mwanne, mbona umeizima?"

"Si natunza chaji? Nitaiwasha nikitaka kuongea."

Wakaangua kicheko. Kwetu redio ikimaliza taarifa ya habari inazimwa, betri zisiishe. Simu nayo nikaifanyia hivyohivyo, tena kwa uangalifu mkubwa. Aibu niliyoisikia sijui niieleze vipi.

Mama Dorothea hakucheka sana. Alitoa bahasha kwenye droo. "Asali ilikuwa nzuri. Hela yako hii, tulikusanya tangu juzi."

Mkono wangu ukawa umeshanyooka. Basi bwana mmoja wa meza ya nyuma akasema, kwa utani tu, "Si alisema asipopokea ni bure?"

Ningeweza kujitetea, kwamba mimi mtu wa shamba, sikujua. Wangenihurumia na wangenilipa. Lakini sina mlango, sina kibao. Nikilikana neno langu mbele yao leo, kesho nani ataamini ninachomwambia kwa simu?

Nikaurudisha mkono. "Nilisema hivyo. Asali ni yenu."

"Una hakika?" mama Dorothea akauliza.

"Hapana, mama. Roho inaniuma kwelikweli. Ila nilisema."

Ernest akaiwasha simu, akanionyesha pa kubonyeza ikilia, akanipa. Nikatoka. Nilikuwa barazani, machozi yananitoka, simu ikalia mkononi. Kidogo niiangushe! Nikabonyeza pale Ernest aliponionyesha.

"Haloo?"

"Haloo, ni Dorothea wa masijala." Nikageuka, nikamwona dirishani, ameshika simu ya mezani sikioni. "Zile tumekula, ulitoa mwenyewe. Bahasha hii ni ya chupa ishirini nyingine, njoo uichukue kabisa ukanunulie mzigo. Utaleta lini?"

Nikajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Jumatatu saa nne, mama. Mnataka ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo?"