Shanga ya Sita

Rukaiya wangu yuko kidato cha sita, anasoma bayolojia, na mwanafunzi wake wa kwanza ni mimi niliyeishia darasa la saba. Hanionei huruma hata kidogo. Juzi alinikuta sebuleni kwetu Kaloleni natunga shanga za makubazi ya watalii, akaninyang'anya uzi.

“Mama, damu yangu hii hapa. Kila shanga ni amino asidi. Zikishapangwa, mpangilio wenyewe ndio unaoamua uzi ujisokote wapi.” Akauzungusha kidoleni. “Ukishajisokota, unajikunja kuwa donge. Madonge manne yakishikana, unapata himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Yote yanaanzia kwenye mpangilio wa shanga.”

“Na selimundu yako?”

“Kwenye madonge mawili kati ya yale manne, shanga ya sita siyo inayotakiwa. Moja tu, mama! Donge linajikunja vizuri, ila linabaki na mahali panaponata. Himoglobini zikishashusha oksijeni, zinanatana, seli inapinda kama mundu, na mimi nalia.”

Alisema huku anacheka. Mimi sikucheka. Mimba yake ilipokuwa ya miezi sita nilifunga Ramadhani nzima. Mama mkwe alinisihi nile, ruhusa ipo, lakini kwa ubishi wangu nikakataa, nisije nikaitwa mvivu wa ibada. Mtoto alipovimba vidole akiwa na miezi minane, nikajua njaa yangu ndiyo iliyoharibu damu yake. Sikumwambia mtu, hata baba yake, Jamaldini.

Juzi hiyo nikamwambia mwenyewe.

“Mama jamani! Mpangilio ulishapangwa siku ya kwanza, nusu kwako, nusu kwa baba. Hata ungekula pilau kutwa mara tano, shanga ya sita ingekuwa ileile.”

“Kumbe bado ni mimi.”

“Wewe na baba, bila kujua. Na haya macho pia mlinipa nyinyi.”

Kisha akauweka uzi chini. “Ndiyo maana nikiugua unakaa mwisho wa kitanda, hunigusi? Mimi nilidhani umenichoka.”

Maskini mwanangu! Miaka yote hiyo nilikuwa naona haya kumshika mtu niliyemuumiza. Nilimvuta kifuani nikambana, akalalamika kwamba namminya mbavu. Nilipotaka kulegeza mikono, akanikataza.