Ng'ombe Aliyebaki

Baba yao alipozikwa, kaka wawili walikuja na lori wakagawana ng'ombe. Dada yao, ambaye watoto wao na majirani wote walimwita Shangazi, ndiye aliyebaki nyumbani miaka yote akitunza wazazi na mifugo. Walimwachia nyumba, kuku, mbuzi watatu na ng'ombe mmoja mweusi aliyeitwa Bibi Harusi, kwa sababu ya weupe uliomtanda kichwani kama shela.

Lori lilipoondoka tu, Bibi Harusi akaanza kulia. Alisimama langoni, shingo ameielekeza barabarani, akalia mpaka sauti ikamkauka. Majani yakanyauka horini bila kuguswa. Maziwa yakapungua, yakawa ya kuitia chai rangi tu.

Shangazi aliwahamishia mbuzi zizini ili ng'ombe apate wenzake. Mbuzi wakamlia chakula, kisha wakapanda juu ya hori. Akahamia yeye mwenyewe na kigoda chake, akawa anachambua mboga huko huko zizini huku akimpa habari za majirani. Ng'ombe alimtazama kwa adabu, kama mgeni anayengoja mazungumzo yaishe, halafu akaendelea kulia.

Daktari wa mifugo alikuja, akampima joto na kumbonyeza tumbo.

"Huyu haumwi, Shangazi. Ni upweke tu."

"Upweke hauna sindano?"

"Ingekuwapo, ningejidunga mwenyewe kwanza."

Asubuhi moja Shangazi alimfunga kamba akampeleka kwa jirani, mjane mwenye kundi dogo ng'ambo ya kijito. Walipokaribia na kusikia ng'ombe wengine, Shangazi ndiye aliyevutwa. Bibi Harusi alipenya katikati ya wenzake, akamnusa huyu, akalambwa na yule, akainamisha kichwa na kuanza kula. Hakugeuka nyuma.

"Akae hapa," Shangazi alisema. "Kwangu atakufa."

"Na wewe je?"

"Mimi nina mbuzi."

Alirudi nyumbani, akashika panga, akakata majani mzigo mzima kabla ya kukumbuka kwamba amebaki na mbuzi watatu tu. Pale zizini palikuwa kimya mno. Akampigia simu kaka yake mkubwa kumweleza.

"Umefanya la maana, dada. Sasa utapumzika."

"Nipumzike na nani?"

Kaka akasema mtandao unasumbua, akaaga.

Jioni Shangazi alishindwa kukaa. Alivuka kijito, akamkuta jirani amechuchumaa kando ya Bibi Harusi, ndoo tupu.

"Amebana. Hanitaki."

"Hebu nipishe, mwenzangu."

Aliegemeza paji la uso kwenye ubavu ule wenye joto, akangoja. Maziwa yakashuka. Alikamua polepole kuliko kawaida yake, na jirani, aliyeliona hilo, hakumharakisha.

"Itabidi uwe unakuja," jirani alisema. "Asubuhi na jioni."

"Nitakuja."

Akapewa maziwa yake kwenye kopo, akashika njia ya kurudi nyumbani kabla giza halijaingia.